Kabla ya kununua ndama, panda majani



Kila mara karanga na mpunga vikisha kuuzwa, swali lilelile linarudi katika makanisa yetu ya Kasongo na Kabambare. Tuko na pesa kidogo, tuko na kipande cha shamba nyuma ya nyumba: hatuwezi kuanza na ndama wawili? Wanaouliza ni vikundi vya akina mama, ni wachungaji wa vijijini wanaoishi kwa matoleo, ni vijana waliorudi kutoka machimbo ya dhahabu wakiwa na kitu kidogo mfukoni na hawataki kiishe hivihivi.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini wengi wetu tunaanzia mwisho: tunanunua mnyama kwanza, ndipo tunatafuta chakula, zizi na dawa. Mimi pia nilianza hivyo. Mwisho wa kiangazi kimoja nilinunua ndama dume wa miezi miwili hivi kwa watu waliokuwa wanashusha kundi kutoka milima ya mashariki. Bei ilikuwa chini na ndama alikuwa mzuri, manyoya yake yanang'aa. Hakuna aliyenidanganya. Nilimpa uji wa mahindi na majani mabichi, watoto wakampa jina. Wiki ya tatu macho yalianza kutoa machozi, manyoya yakasimama, na wiki ya saba tulimzika. Pesa ile ilikuwa ya masomo ya muhula mzima.

Baadaye munganga wa wanyama alinieleza kwamba nilifanya makosa mawili siku ileile ya kununua, na hata dawa nyingi zisingeyafuta. Ndama alikuwa mdogo mno, tena alitoka mahali pasipo na tsetse.

Tuanze na umri. Ng'ombe mkubwa anaishi kwa majani kwa sababu tumbo lake kubwa limejaa vijidudu vinavyoyachachusha. Ndama hazaliwi na tumbo hilo likiwa tayari. Kwa majuma mengi ya kwanza anaishi kwa maziwa, kama mtoto wetu, na tumbo la majani linakua polepole kadiri anavyojifunza kutafuna pembeni mwa mama yake. Tena maziwa ya kwanza kabisa, yale mazito ya manjano, ndiyo yanayompa kinga, na lazima ayanywe katika saa chache baada ya kuzaliwa, saa sita hivi za kwanza. Ukinunua ndama anayenyonya, huwezi kujua kama aliyapata. Na wewe utampa maziwa gani? Kwetu hakuna ng'ombe wa maziwa kila kijiji, na maziwa ya unga ya dukani yatakula bei ya ndama kabla hajamaliza miezi miwili. Uji wa mahindi hauchukui nafasi ya maziwa. Unamharisha, na kuhara kunaua ndama kwa siku mbili.

Kwa hiyo nunua ndama aliyekwisha kuachishwa, wa miezi minane hadi kumi na miwili, anayekula majani mwenyewe asubuhi hadi jioni. Atakuwa ghali zaidi. Lakini mwenye ng'ombe amekwisha kukubebea miezi ile ambamo ndama wengi wanakufa.

Kosa la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo Maniema ya kusini inatofautiana na Kivu. Wazee wetu wanajua ugonjwa wa usingizi. Timu za afya zimepita vijijini mara nyingi kupapasa shingo za watu na kupima damu. Nzi anayeuleta ni tsetse, ambaye Waswahili wa pwani wanamwita mbung'o. Nzi huyohuyo analeta ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa nagana. Vijidudu vyake ni ndugu wa vile vya watu, lakini si vilevile. Vinaingia katika damu, vinaiharibu, na mnyama anakonda huku anakula. Tsetse anapenda kivuli na unyevu: misitu iliyo kando ya Lualaba na Luama, vijito vyenye miti mingi, mahali akina mama wanapofulia na kuchota maji. Anauma mchana.

Kule juu, katika nyanda za juu za Itombwe, kuna baridi na tsetse hayuko. Ng'ombe wa kule ni wazuri, lakini damu yao haijawahi kupigana na nagana. Ukimshusha hadi mabonde yetu ni kama kumchukua mtu aliyekulia mahali pasipo malaria na kumlaza bila chandarua kando ya kinamasi. Ndama aliyezaliwa hapahapa na mama anayeishi hapahapa, ambaye amekwisha kupita msimu mmoja wa mvua akiwa mzima, anafaa kuliko yule mrembo wa mlimani, hata kama ni mfupi na mbavu zinaonekana kidogo.

Kuna hata aina ya ng'ombe inayojulikana kwa kuvumilia nagana. Inaitwa N'Dama, na asili yake ni milima ya Fouta Djallon katika Guinea. Ni wafupi, rangi ya udongo mwekundu au ya manjano, bila nundu. Wabelgiji walianza kuwaleta Kongo katika miaka ya 1920, hasa upande wa magharibi wa inchi. Ukipata ndama mwenye damu hiyo, usicheke ufupi wake. Kuvumilia hakumaanishi kwamba haugui. Akinyimwa chakula au akifanyishwa kazi nyingi, naye anaanguka.

Sasa tuje kwenye majani, maana yanatangulia yote. Ndama anakula kila siku majani mabichi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na zaidi kidogo. Ndama wa kilo 100 anahitaji kilo 10 hadi 12. Wawili kwa mwaka ni karibu kilo 8,800, na wakifikia kilo 200 kila mmoja ni karibu kilo 15,000. Usiogope hesabu hiyo. Matete, yale majani marefu ya tembo, yakipandwa vizuri na kuwekewa samadi katika mvua zetu, robo ya hekta inatosha. Robo ya hekta ni metre 50 kwa 50. Kata mashina yaliyokomaa katika vipande vyenye vifundo vitatu, zika vifundo viwili kwa kuinamisha, kimoja kibaki juu. Acha metre moja kati ya mistari na nusu metre kati ya vipande: utahitaji vipande 5,000 hivi, na unaweza kuvipata kando ya mto bila kulipa franka hata moja. Baada ya miezi mitatu au minne unakata mara ya kwanza, kisha kila wiki sita hadi nane. Acha kisiki cha sentimeta 10. Ukingoja matete yawe marefu kuliko wewe, mnyama atakula majani laini na kuacha mashina, nawe utakuwa umelima kuni.

Juu ya hayo shamba lako linatoa vingine vingi ambavyo leo tunavitupa. Majani ya karanga baada ya kuvuna ni chakula chenye nguvu. Yakaushe kivulini, yafunge, yapandishe juu ya dari kwa ajili ya mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Matembele ya viazi, makapi ya mpunga laini yanayobaki kinuni, na mashina ya migomba yaliyokatwakatwa yote yanaliwa. Maganda ya mihogo ni mazuri, lakini si mabichi: yana sumu ileile inayotufanya tuloweke mihogo michungu. Yaanike juani siku mbili tatu hadi yavunjike mkononi. Majani ya muhogo, yaani sombe, nayo yanyauke kwanza kabla ya kumpa. Na weka chumvi kidogo mahali anapoweza kulamba.

Maji ni kazi ambayo waume wengi wanaisahau wakati wa kupanga. Ndama wawili wa umri huo wanakunywa lita 30 hivi kwa siku, zaidi wakati wa kiangazi. Hiyo ni bidoni moja na nusu. Usiwapeleke mtoni mchana, kwa maana mtoni ndiko tsetse aliko. Maji yaje kwa ndama. Lakini ni nani atakayeyabeba? Katika nyumba nyingi ni mama na mabinti, ambao tayari wanabeba ya kupikia na ya kuoga. Kabla ya kununua, mume na mke wakae wakubaliane juu ya bidoni hiyo. Nimeona mifugo ikifa kwa kiu katika nyumba yenye watu tisa.

Kwa sababu hiyo pia napendelea ndama wakae zizini na kuletewa majani, kuliko kuzurura. Zizi si nyumba ya gharama: nguzo za miti migumu, paa la nyasi, sakafu iliyoinuka na kuinama kidogo ili mkojo utoke, metre mraba tatu kwa kila ndama, horini mwa majani pasikanyagwe. Lijenge mbali na kijito na ufyeke vichaka vinavyolizunguka. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walizungusha mazizi ya namna hii kwa neti yenye dawa ya kuua wadudu, urefu wa metre moja na nusu kutoka chini, na nzi walipungua sana, kwa kuwa tsetse huruka chini chini. Chandarua cha watoto kibaki kitandani kwa watoto. Neti ya zizi inunuliwe kwa ajili ya zizi.

Ukimfunga ndama nje kwa kamba saa za asubuhi na mapema au jioni, fundo la shingoni lisiwe la kukaza linapovutwa. Na kila juma mkague kupe: ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya miguu ya nyuma. Kwa ndama wawili mikono yako inatosha, na kupe wachomwe moto.

Ugonjwa unaanza kimya. Jizoeze kufunua ukope wa chini wa ndama kila asubuhi ya Jumapili kabla ya kwenda ibadani. Ndani pawe pekundu kama ndani ya mdomo wako. Pakiwa peupe, damu inapungua: inaweza kuwa nagana, inaweza kuwa kupe, inaweza kuwa minyoo. Homa inayokuja na kuondoka, tezi iliyovimba mbele ya bega, machozi, kukonda ilhali anakula, hayo yote yanaelekeza kwa nagana, na hapo muite munganga wa wanyama bila kungoja wiki nyingine.

Juu ya dawa niseme waziwazi, kwa sababu wengi wanajidungia wenyewe. Dawa inayojulikana zaidi kwetu ni Bérénil. Mfuko wa kawaida wa gramu 2.36 umepimwa kwa mnyama wa kilo 300. Ndama wa kilo 85 hawezi kudungwa mfuko mzima, wala hafai kudungwa tone dogo la kubahatisha ili mfuko utoshe wanyama kumi wa kijiji. Dozi ndogo inafundisha vijidudu kuizoea dawa. Ili ujue uzito, zungusha kamba ya fundi wa nguo nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Kifua cha sentimeta 100 ni karibu kilo 85 hadi 95, na cha sentimeta 120 ni karibu kilo 150. Kuna dawa nyingine, isometamidium, ambayo inalinda kwa miezi miwili au zaidi. Hiyo iamuliwe na munganga. Na kuna dawa za uongo sokoni, unga mweupe katika mfuko unaofanana. Nunua pale munganga mwenyewe anaponunua. Mnyama akifa kwa ugonjwa, azikwe kwa kina. Najua nyama ni adimu, lakini kuna ugonjwa unaoitwa kimeta unaoingia kwa watu kwa njia hiyo, nao unaua.

Sasa, ndama dume au jike? Hapa wengi wanaota. Jike wa miezi kumi wa aina zetu, kwa majani tu, atazaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu hivi. Na atazaa na nani? Kama hakuna fahali katika umbali wa kutembea, umenunua mke bila mume. Uliza hilo kwanza. Mahali pasipo fahali, nunua madume wawili wa kunenepesha. Ndama wa kwetu anayekula vizuri anaongezeka gramu 200 hadi 300 kwa siku. Kutoka kilo 80 hadi 200, kwa gramu 250, ni siku 480, miezi kumi na sita. Kwa hiyo si pesa ya masomo ya mwaka huu. Yule aliyemnenepesha ndama wa Luka 15 hatajwi jina, lakini siku baba alipotoa amri, kazi yake ilikuwa imekwisha kufanyika zamani.

Vikundi vya kanisa vinauliza pia juu ya kupeana ndama kwa zamu. Njia hiyo ina historia katika makanisa ya Kiprotestanti. Dan West, mkulima wa kanisa la Church of the Brethren huko Marekani, alikuwa amegawa maziwa kwa wakimbizi wa vita ya Hispania, akaona kikombe cha maziwa kinakwisha. Mwaka 1944 mitamba 17 ilisafirishwa kwenda Puerto Rico, na kila aliyepokea alitakiwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Kazi hiyo leo inaitwa Heifer International, na Tanzania njia hiyohiyo inajulikana kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Ni njia nzuri, lakini fanyeni hesabu kabla ya kuitangaza madhabahuni. Mtamba akinunuliwa leo, ndama wake atakuwa tayari kwenda kwa jirani baada ya miaka mitatu au zaidi, na nusu ya ndama wanaozaliwa ni madume. Familia kumi zenye mitamba miwili zitangoja miaka mingi, na kungoja kunazaa manung'uniko hata kati ya watu waliobatizwa. Kwa kikundi kikubwa mimi ningeanza na mbuzi. Kwa familia tatu au nne zinazoaminiana, ng'ombe anafaa. Mwandike: nani anamtunza, nani analipa dawa, akifa nani anapoteza nini, akiuzwa pesa inagawanywaje. Mama mjane asiyejua kusoma asomewe maandiko hayo mara mbili, mbele ya mzee wa kanisa.

Pia kuna majirani. Ndama mmoja anayekula mihogo ya mtu usiku mmoja anaweza kuleta maneno ya miaka, na mashariki mwa Kongo tunajua jinsi ugomvi wa ng'ombe na mashamba unavyoweza kukua hadi kuchoma vijiji. Nenda kwa shefu wa kijiji kabla mnyama hajafika. Mwambie ni wangapi, watakaa wapi, na kwamba watafungwa. Siku ya kununua pata karatasi yenye jina la muuzaji, rangi na alama za mnyama, mashahidi wawili. Bila karatasi hiyo, ndama aliyeibiwa Fizi au Nyunzu anaweza kukufanya wewe mwizi.

Na watu wenye silaha? Ndugu zetu wa upande wa Salamabila na kwingineko Kabambare hawahitaji kuelezwa. Wanyama kumi mahali pamoja wanaitwa kundi, na kundi linasikika mbali. Wawili nyuma ya nyumba, wakila majani ya kuletewa, hawaonekani sana. Kwa sababu hiyo sishauri parokia ijenge zizi moja kubwa la kanisa zima. Wagawanywe katika nyumba. Siku ya kukimbia, Mungu atuepushe, usirudi kwa ajili ya ng'ombe.

Mvua zinarudi mwezi wa tisa. Anayetaka kuanza apande matete mara udongo unapolainika, ajenge zizi mwezi wa kumi na moja, akubaliane na shefu na jirani, amtafute munganga na kuuliza anakuja upande wake siku gani. Mwezi wa pili, akiwa amekata matete mara moja na kuona yamechipuka tena, ndipo aende kutafuta ndama, wa karibu, walioachishwa. Mwanzoni mwa safari hiyo anunue pia daftari. Ukurasa wa kwanza: tarehe, jina la muuzaji, kifua sentimeta ngapi. Kila mwezi apime tena na kuandika, pamoja na kila sindano na kila kidonge cha minyoo. Munganga akifika, jambo la kwanza atakaloomba kuona ni daftari hilo.